Gesijoto na joto la dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara, darasani, barazani na kule dikoni. Yanaanza na fizikia yenyewe, kisha mahesabu ya mafuta, mkaa na saruji, halafu mambo ya pwani yetu. Mwenye haraka na aruke hadi swali lake. Hayajapangwa kwa uzito.

Hali ya hewa na tabianchi si kitu kimoja?

Hapana. Hali ya hewa ni leo: kusi limekaza na mashua hazikutoka. Tabianchi ni mazoea ya miaka mingi, na wataalamu hupima kwa miaka 30. Mvuvi anaposema kaskazi huingia Desemba na kuisha Machi, anazungumzia tabianchi hata kama hajawahi kulitamka neno lenyewe. Vuli moja mbaya haithibitishi lolote. Vuli thelathini zikipangwa ubavu kwa ubavu, hapo kuna la kusema.

Gesijoto hufanya nini hasa?

Nenda saa mbili usiku ukasimame kando ya ukuta wa tofali uliopigwa na jua tangu adhuhuri. Jua limeshazama, upepo wa bahari umepoza uwanja, lakini ukisogeza mkono karibu na ukuta bila kuugusa unahisi joto. Hiyo ni miale ya joto. Kila kitu chenye joto huitoa: ukuta, bahari, mbuzi, wewe mwenyewe. Haionekani kwa macho kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwanga.

Jua lina nyuzi joto 5,500 hivi usoni pake, kwa hiyo nguvu yake nyingi huja kwa mawimbi mafupi, mwanga ukiwemo. Hewa safi huupitisha mwanga huo bila taabu kubwa. Ardhi na bahari, zenye wastani wa nyuzi 15, huirudisha nguvu hiyo angani kwa mawimbi marefu, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa kavu, na oksijeni, asilimia 21, haziigusi miale hiyo kwa kiasi cha kuhesabika, kwa sababu kila molekuli yake ni atomu mbili za aina moja na hata ikitetema haina pa kuidaka. Molekuli za mvuke wa maji na hewa ukaa (kaboni dioksaidi) zina atomu tatu, methani ina tano. Hizo ndizo gesijoto: hupinda na kujinyoosha kwa namna inayonasa miale ya joto. Hewa ukaa hunasa zaidi ile yenye urefu wa wimbi wa mikromita 15 hivi. Ikishanasa, joto hilo hugawanywa kwa hewa ya jirani na kutolewa tena pande zote, na sehemu yake hurudi chini kwetu.

Sasa hesabu. Juu ya angahewa, kila mita ya mraba inayolitazama jua hupokea wati 1,361. Dunia ni mviringo na nusu yake ina usiku, hivyo ukigawa kwa nne unapata wati 340. Asilimia 30 hurudishwa na mawingu, barafu na mchanga. Zinabaki wati 240. Kitu kinachotoa wati 240 kwa kila mita ya mraba kina joto la nyuzi 18 chini ya sifuri. Hilo ndilo lingekuwa joto la dunia bila gesijoto. Wastani halisi ni nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 33 ni kazi ya gesijoto, na bila kazi hiyo hata mnazi usingeota. Ubaya haumo katika gesijoto kuwepo. Umo katika kuongezwa kwa kasi.

Kwa nini inafananishwa na kitalunyumba?

Ni jina lililozoeleka tu, na linapotosha kidogo. Kitalunyumba cha nyanya hupata joto hasa kwa sababu nailoni inazuia hewa ya moto isipande ikaondoka. Angahewa haina nailoni. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni usiku wa mawingu: usiku wa nyota tupu mwezi wa Julai huwa na ubaridi, na usiku wa mawingu mazito shuka hulitaki. Mawingu yamenasa miale iliyokuwa inaondoka na kuirudisha chini.

Hewa ukaa ni molekuli 420 tu katika kila milioni. Kidogo hivyo kinawezaje?

Tia bluu ya kufulia kiasi cha ncha ya kijiko kwenye ndoo ya maji. Maji ni mengi mno kuishinda, lakini ndoo nzima hubadilika rangi, kwa sababu maji yenyewe hayana rangi ya kushindana. Ndivyo ilivyo hewani: zile asilimia 99 za naitrojeni na oksijeni hazishindani na hewa ukaa katika kunasa miale ya joto.

Isitoshe, kidogo hicho si kidogo ukikiweka kwenye mizani. Tandika mkeka wa mita moja kwa mita moja pale Raskazone. Hewa iliyosimama juu yake, kutoka mkekani hadi mwisho wa angahewa, ina uzito wa tani 10 na ushei. Ndani yake kuna hewa ukaa kilo 6 na nusu hivi, zaidi kidogo ya gesi inayojazwa kwenye mtungi mdogo wa jikoni. Kabla ya viwanda, kiwango kilipokuwa 280 katika milioni, juu ya mkeka huohuo kulikuwa na kilo 4 na kitu. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya dunia, bahari, nchi kavu na milima, imeongezewa kilo 2 hivi.

Lakini si inasemwa hewa ukaa imeshanasa kila kinachonasika, ukiongeza haileti tofauti?

Hoja hii ilizuka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na huwanasa hata watu wanaojua fizikia. Kosa lake ni kuiona angahewa kama pazia moja.

Panda basi kutoka Tanga, pita Mombo, pandisha hadi Lushoto. Umepanda mita 1,400 hivi na joto limeshuka kama nyuzi 9, kwa sababu kila kilomita moja ya kwenda juu hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kwa wastani. Sasa endelea kupanda kwa mawazo. Chini, hewa ni nzito na kila mwale hunaswa karibu na ulipotoka, hunaswa tena, na tena. Ukifika juu vya kutosha, hewa imekuwa nyembamba na mwale hatimaye unapenya kwenda zake. Kwa wastani kimo hicho ni kilomita 5 hivi, na joto la huko ni zile nyuzi 18 chini ya sifuri tulizozipata. Zidisha 5 kwa 6.5 uone kama hupati 33 kasoro kidogo.

Ukiongeza hewa ukaa, kimo cha kupenyea kinasogea juu zaidi, mahali penye baridi zaidi, na kitu chenye baridi hutoa miale kidogo. Nguvu inayoingia haijapungua, inayotoka imepungua. Hesabu za dunia haziwiani tena mpaka chini kuongezeke joto. Ndiyo maana hata kama tabaka la chini “limejaa”, nyongeza bado inafanya kazi. Ni kweli kwamba kila nyongeza ina nguvu ndogo kuliko iliyotangulia: kutoka 280 hadi 420 ni wati 2 na kitu kwa kila mita ya mraba, na kufikisha 560, yaani maradufu, ni kama wati 3.7. Makadirio ya sasa ni kwamba maradufu hiyo ingepandisha joto la dunia nyuzi 3, na huenda ikawa popote kati ya 2.5 na 4.

Nani aliyagundua haya? Si mambo ya juzi juzi ya wanasiasa?

Joseph Fourier wa Ufaransa aliuliza mwaka 1824 kwa nini dunia haina baridi zaidi. Eunice Foote wa Marekani aliweka hewa ukaa kwenye chupa juani na kuandika mwaka 1856 kwamba ilipata joto kuliko hewa ya kawaida. John Tyndall alipima mwaka 1859 gesi zinazonasa miale ya joto zenyewe. Svante Arrhenius wa Uswidi alipiga hesabu ya kwanza ya maradufu mwaka 1896. Wakati huo hata reli ya Tanga haijafika Korogwe.

Tunajuaje kwamba hewa ukaa iliyoongezeka ni yetu na si ya volkano?

Kwa sababu kaboni ina chapa. Kaboni 14 ni aina yenye mnunurisho inayooza. Nusu yake hutoweka kila miaka 5,700 hivi. Makaa ya mawe na petroli vimelala chini mamilioni ya miaka, hivyo kaboni 14 yake imekwisha kabisa. Hewa ukaa inayotoka humo huipunguza kaboni 14 ya angahewa, na kupungua huko kumepimwa. Mimea pia hupendelea kaboni 12 kuliko 13, na mafuta asili yake ni viumbe vya kale, hivyo uwiano wa kaboni 13 hewani unashuka vilevile. Volkano isingeleta alama hiyo. Na oksijeni hewani inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa kitu kinapochomwa. Isikutishe, tuliyo nayo ni tele.

Volkano zote kwa pamoja, Ol Doinyo Lengai ikiwemo, hutoa kwa mwaka karibu asilimia 1 au chini ya hapo ya kile kinachotoka kwenye uchomaji wa mafuta, makaa ya mawe na gesi, ambacho ni tani bilioni 37 hivi.

Jua nalo linashukiwa sana. Kama jua ndilo lingeongeza joto, tabaka za juu za angahewa zingepata joto pia. Zinapoa, huku za chini zikipata joto. Gesijoto ndizo huleta mpangilio huo.

Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akakuta 315 katika milioni. Sasa imepita 420. Viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda kiwango kilicheza kati ya 180 na 300 hivi.

Mvuke wa maji si ndio gesijoto kubwa kuliko zote?

Ndio. Lakini mvuke hauanzi safari, hufuata. Ukimwaga mvuke mwingi hewani leo, baada ya siku kumi hivi umeshanyesha. Kiasi ambacho hewa inaweza kubeba huamuliwa na joto lake: kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo hewa ukaa huwasha, mvuke hukoleza. Hiyo asilimia 7 ndiyo pia inayofanya mvua kubwa ziwe kubwa zaidi: wingu lilelile, maji zaidi ndani yake.

Lita moja ya petroli haifiki hata kilo moja. Inatoaje kilo 2.3 za hewa ukaa?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ni hesabu ya darasani. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Humo kaboni ni gramu 640. Injini inapoichoma, kila atomu ya kaboni, yenye uzito wa 12, hushikana na atomu mbili za oksijeni zenye uzito wa 32, jumla 44. Zidisha 640 kwa 44, gawa kwa 12: gramu 2,300 na ushei. Uzito ulioongezeka umetoka hewani, si kwenye tangi. Bodaboda inayotumia lita 3 kwa siku hutoa kilo 7 za gesi. Lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Gesi ya kupikia hutoa kilo 3 kwa kila kilo, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ukiisha umetoa kilo 18.

Mkaa unatokana na miti, na miti huota tena. Tatizo liko wapi?

Miti ikiota tena, tatizo halipo. Mti ukikua upya huirudisha kaboni ileile. Tatizo ni kwamba msitu mara nyingi haurudi, na tanuru lenyewe hupoteza sana.

Tanuru la udongo la kawaida hula kuni kilo 5 hadi 10 kutoa mkaa kilo 1. Zilizobaki zinaondoka kama moshi, na ndani ya moshi huo mna methani, kwa kuwa kuni zimeungua bila hewa ya kutosha. Mambo matatu huharibu tanuru: magogo mabichi, ambayo hutumia moto wake mwenyewe kukausha maji, magogo yaliyopangwa kwa mianya mikubwa, na udongo unaopasuka bila kuzibwa, hewa ikaingia, asubuhi ukakuta majivu. Tanuru lenye bomba la moshi, la mtindo wa Casamance, likisimamiwa vizuri hufikisha kilo 1 kwa kuni kilo 4 hivi.

Jikoni, jiko la mkaa la kawaida hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto, kama moja ya tano, na jiko la gesi zaidi ya nusu. Ndiyo maana mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ya mkaa kilo 20 hadi 25. Mkaa huo unatoa hewa ukaa kilo 55 na zaidi mahali ambapo gesi imetoa 18, na hapo hatujahesabu ya tanurini. Gesi ya kupikia nayo ni mafuta ya ardhini, lakini hesabu inaibeba. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 umelenga asilimia 80 ya watumiaji ifikapo 2034, na kikwazo kinachotajwa kila mtaa ni kimoja: mkaa unaweza kuununua wa elfu moja, gesi mpaka uwe na pesa ya mtungi mzima.

Na saruji na chokaa?

Hapa Tanga ni swali la nyumbani, kwa jinsi mawe ya chokaa yalivyo mengi kuanzia Amboni. Jiwe la chokaa ni kalsiamu kabonati. Ukichoma kilo 100 safi, unapata chokaa kilo 56, na kilo 44 zinapaa kama hewa ukaa. Hiyo ni kabla ya kuhesabu kuni au makaa ya mawe yaliyotumika kuchomea. Ndiyo sababu saruji ni ngumu kuisafisha: hata tanuru likitumia umeme wa jua, jiwe lenyewe linatoa gesi. Mfuko wa kilo 50 huwa umegharimu kilo 30 hivi za hewa ukaa, na zaidi ya nusu ni ya jiwe. Kinachosaidia ni kupunguza klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, kwa kuchanganya pozolana (kama majivu ya volkano) na mawe yasiyochomwa, na kwa fundi, kutotupa zege lililokauka kwa kukoroga jingi kwa mara moja.

Bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani litaongeza kiasi gani?

Bomba la kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na limesanifiwa kupitisha hadi mapipa 216,000 kwa siku. Mafuta yake ni mazito kama nta, hivyo lazima yapashwe joto njia nzima ili yasigande, na umeme wa kupasha nao una gharama yake. Gharama kubwa lakini iko mwisho wa safari: pipa moja likichomwa hutoa kilo 430 hivi. Bomba likijaa kabisa ni tani 93,000 kwa siku, tani milioni 34 kwa mwaka. Kwa taratibu za kimataifa hesabu hiyo huandikwa kwa nchi itakayochoma, si kwa Tanzania wala Uganda. Angahewa haisomi daftari hilo.

Tundu la ozoni ndilo linaloingiza joto?

Hapana, ni habari mbili tofauti. Ozoni huzuia miale mikali ya jua inayounguza ngozi, na Mkataba wa Montreal wa 1987 umeshafanya mengi kuiponya. Zinakutana kwenye friji. Gesi nyingi za friji na viyoyozi ni gesijoto kali: gramu moja ya R134a hufanya kazi ya hewa ukaa gramu 1,400 hivi kwa kipindi cha miaka 100. Friji ya nyumbani yenye gramu 100 ikifunguliwa hewani na fundi “ili aanze upya”, amemwaga sawa na kilo 140, yaani lita 60 za petroli. Fundi anayejua kazi huinyonya kwenye mtungi, hutafuta panapovuja kwa povu la sabuni, huziba, ndipo hujaza. Friji mpya nyingi hutumia R600a, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni ndogo sana. Ila inashika moto, hivyo kuchomelea bila kuitoa kwanza ni hatari.

Bahari imepanda kweli? Mbona maji yetu hujaa na kupwa mita tatu na zaidi?

Imepanda. Wastani wa dunia ni sentimita 20 tangu mwaka 1901, na kasi ya miaka ya karibuni ni milimita 3.7 kwa mwaka, maradufu ya kasi ya karne iliyopita. Karibu nusu ya kupanda huko ni maji yenyewe kutanuka kwa joto, kwa kuwa bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto lililoongezeka. Kwingine ni barafu ya nchi kavu iliyoyeyuka.

Sentimita 20 hazionekani siku za maji mafu (maji madogo). Zionekane lini? Siku ya bamvua (maji makubwa), kusi likivuma, maji yakigusa pale ambapo zamani hayakugusa. Na ufuko wetu ni mteremko mdogo. Ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda sentimita 20 ukingo unasogea ndani mita 10. Kisima cha karibu na ufuko huanza kuonja chumvi kabla nyumba haijaguswa.

Lakini tusiisingizie tabianchi kila kitu. Kisiwa cha Maziwe, mkabala na Pangani, kilikuwa na miti na kasa wakitaga. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kinachotajwa sana ni kukatwa kwa miti iliyoshikilia mchanga. Kuchota mchanga ufukoni, kukata mikoko na kupiga baruti miambani hubomoa pwani kwa haraka kuliko milimita 3.7. Tofauti ni kwamba hayo matatu yanaweza kukomeshwa na kijiji.

Kwa nini mwani wa kotonii unakufa na matumbawe yanageuka meupe?

Joto la maji yetu huwa nyuzi 25 au 26 mwezi wa Agosti, na 29 hadi 30 mwezi wa Machi. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani wa hadubini ndani ya mwili wake. Mwani huo humlisha na ndio humpa rangi. Maji yakizidi kilele cha kawaida kwa nyuzi 1 tu na kukaa hivyo majuma kadhaa, tumbawe humfukuza mpangaji wake. Linabaki jeupe, lina njaa, na joto lisiposhuka hufa. Yalipauka vibaya mwaka 1998, tena 2016, tena 2024.

Kotonii ni dhaifu kuliko spinosi, aina nyingine ya mwani unaolimwa. Kwenye maji ya magotini, adhuhuri ya kaskazi, joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi, shina hupauka, hulainika na kukatika. Ikinyesha mvua kubwa chumvi nayo ikashuka, ugonjwa huo huenea kamba nzima. Wakulima wanaohamisha kamba kwenye maji ya mita 2 hadi 6 na kuzielea kwa maboya hupata nafuu. Gharama yake ni chombo cha kufikia shamba, na wanawake wengi waliozoea kulima kwa miguu bamvua la mchana hawana chombo.

Kuna jambo la pili, la kimyakimya: bahari hunywa karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, na maji hugeuka kuelekea uchachu. Kipimo cha pH kimeshuka kutoka 8.2 hadi 8.1. Kinaonekana kidogo, lakini kipimo hicho si cha kujumlisha, hupanda kwa mara kumi kumi. Ongezeko halisi la uchachu ni kama asilimia 30, na kila kiumbe kinachojenga gamba kinalilipia.

El Nino na zile mvua za 2019 ni tabianchi?

El Nino ni ya kale na ya kawaida, hutoka Pasifiki. Kwetu huungana na mtikisiko wa Bahari ya Hindi: upande wetu ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito. Ilikuwa hivyo 1997 na tena 2019, barabara zikakatika mkoani. Ongezeko la joto haliumbi mtikisiko huo. Linaukuta na kuuongezea mvuke.

Vimbunga ni hivyo hivyo. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuisokota dhoruba, ndiyo maana ni nadra. Nadra si kamwe. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na Bagamoyo, 1952 kikaipiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia.

Kupanda mikoko kunasaidia?

Ndiyo, ikiwa itaishi. Tope lake halina oksijeni, kwa hiyo majani na mizizi iliyozikwa haiozi, na kaboni hukaa humo karne kwa karne. Sehemu kubwa ya akiba iko topeni, si kwenye mti. Ukikata na kuchimba mabwawa ya chumvi, akiba hiyo hufunguka.

Kampeni nyingi hufeli kwa kosa moja: watu wanachomeka mbegu za mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu ya mikoko, kwenye tope tupu la mbele au juu ya majani ya bahari, kwa sababu pana nafasi. Palikuwa na nafasi kwa sababu mikoko haioti hapo. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko hukaa nyuma yake kando ya vijito. Msinzi na mkandaa ndani zaidi. Mchu huonekana mbele na hata huko nyuma kwenye chumvi kali. Mbegu ya mkoko huchomekwa theluthi ya urefu wake, ncha kali chini, kwa nafasi ya mita moja hivi. Kabla ya yote, kama kuna tuta linalozuia maji, lifungue kwanza. Mara nyingi maji yakirudi, mikoko hujiotea yenyewe.

Mpunga na ng'ombe vinahusikaje?

Kwa methani. Ng'ombe na mbuzi huitoa kwa kucheua. Majaruba yaliyojaa maji msimu mzima huitoa kutoka kwenye tope. Methani hukaa hewani miaka 12 hivi, lakini kwa kipindi cha miaka 20 kilo yake moja ina nguvu mara 80 ya hewa ukaa. Katika kilimo shadidi, maji huachwa yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo kabla ya kuingizwa tena. Bomba la plastiki lenye matundu, lililosimikwa jarubani, huonyesha yamefika wapi. Methani hupungua theluthi au zaidi, na maji huokolewa. Usifanye hivyo wakati mpunga unachanua, utapata pepe.

Mtanzania anachangia kiasi gani?

Kwa mafuta na makaa ya mawe, kama robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani, tani 14 hivi.

Tukiacha kutoa gesi leo, joto litashuka?

Litaacha kupanda, kwa makadirio ya sasa, ndani ya miaka michache. Kushuka ni habari nyingine, kwa sababu sehemu ya hewa ukaa itabaki hewani kwa karne nyingi, na bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi vilevile. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Mwaka mmoja si wastani wa miaka 20, ambao ndio kwa kawaida hutumika kupima lengo la Mkataba wa Paris la kujitahidi kutovuka nyuzi hizo 1.5.

Je, kuna jaribio la kuwaonyesha wanafunzi bila maabara?

Lile la chupa mbili, moja ikiwa na siki na magadi, tunashauri liachwe. Mara nyingi chupa ya hewa ukaa hupata joto kwa sababu gesi hiyo ni nzito na haichanganyiki upesi na hewa ya nje, si kwa sababu imenasa miale. Jibu linatoka sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na mwanafunzi mwerevu akiuliza, mwalimu hana pa kusimama.

Tumia kipimajoto cha kulenga, kile cha mafundi chenye kusoma kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri. Cha kupimia paji la uso hakifai, hakisomi chini ya joto la mwili. Kitoe nje robo saa kabla, hasa kama kilikuwa kwenye kiyoyozi, la sivyo kioo chake kitashika ukungu na kusoma uongo. Subiri usiku, simama mbali na ukuta na miti, lenga juu moja kwa moja, andika. Kisha lenga ardhi, andika. Usiku wa nyota, anga itasoma chini ya ardhi kwa nyuzi 20 hivi. Rudia usiku wa mawingu mazito, tofauti itabaki ndogo. Shule ya Lushoto na shule ya Tanga mjini zikipima usiku mmoja, wote wakiwa na anga tupu, anga ya Lushoto itasoma baridi zaidi kwa sababu mvuke juu yao ni mchache.

Waambie pia ukomo wake: kipimajoto hiki husoma miale ya mikromita 8 hadi 14, dirisha ambalo hewa ukaa hainasi sana. Unachokiona ni kazi ya mvuke na mawingu. Kwa hewa ukaa, zile hesabu za mkeka na za njia ya Lushoto zinatosha ubao mmoja.